Dawa ya Arosto na Dawa ya Kutorudia: Mambo Mawili Yanayochanganywa

Asubuhi katika kituo cha methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, huanza na foleni. Mteja hufika dirishani, hutaja namba yake, hupewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji, huinywa palepale mbele ya mhudumu, kisha huulizwa jambo lolote ili afumbue kinywa, maana aliyeificha dawa shavuni hawezi kujibu hata salamu sawasawa. Utaratibu huu, ulioanza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye kuingia Zanzibar na Kenya, umewapa watu wengi wa huku kwetu picha moja ya tiba ya uraibu: kuna sumu, na kuna dawa inayokaa mahali pa sumu hiyo. Arosto, yaani mateso ya kuacha dawa za kulevya, hutulia, mtu huanza kufikiria kazi na familia, na kadiri anavyoendelea kuja dirishani ndivyo uwezekano wa kurudi maskani, kwenye kijiwe cha watumiaji, unavyopungua.

Picha hiyo ndiyo inayomfanya ndugu wa kijana anayevuta methamfetamini, au anayebwia kokeini, aulize kwa haki kabisa: na huyu kikombe chake kiko wapi? Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la Marekani, Australia na Thailand zaidi kuliko letu, kwa kuwa maskani zetu zilijaa unga, yaani heroini. Sasa limesogea karibu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za dawa, na karibu theluthi mbili za shehena hiyo zilikuwa methamfetamini. Jibu la kitabibu kwa ndugu huyo ni fupi na halipendezi: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa hata moja kwa ajili ya uraibu wa vichangamshi, yaani dawa kama methamfetamini na kokeini, licha ya majaribio yaliyoendelea kwa zaidi ya miaka 30. Hata hivyo jibu hilo halimalizi habari, kwa sababu baadhi ya majaribio yalipata kitu, na ubishi mkubwa wa sasa unahusu thamani ya hicho kilichopatikana.

Wapo wanaoona kwamba miongo mitatu imetosha kuonyesha kuwa kidonge hakipo, na kwamba fedha za utafiti zingefaa zaidi zikipelekwa kwenye ushauri nasaha, makazi na nyumba za upataji nafuu. Wapo wanaoona kwamba tatizo ni namna tulivyotafuta: dozi zilikuwa ndogo, muda ulikuwa mfupi, washiriki hawakumeza walichopewa, na mwisho wa yote kikapimwa kitu ambacho hakistahili kuwa mwamuzi pekee. Mimi naegemea upande wa pili, lakini kwa sharti ambalo watetezi wake hawalisisitizi vya kutosha: tuache kuchanganya dawa ya kupunguza arosto na dawa ya kumzuia mtu asirudie matumizi. Kidonge kinachofaulu katika jambo la kwanza kinaweza kushindwa kabisa katika la pili, na ushahidi wa hilo tunao.

Arosto ya heroini inajulikana. Mifupa huuma, tumbo huendesha, pua hutiririka, usingizi hukataa, na aliyeipitia huwa tayari kufanya lolote ili ikome. Arosto ya kichangamshi haina kelele za namna hiyo. Mtu aliyekesha siku tatu kwa methamfetamini huanguka, hulala mchana na usiku, huamka na njaa ya kumaliza sufuria, kisha hulala tena. Moyo wake huwa mzito, hakuna kinachompa raha, na hasira zake ziko karibu. Jirani akichungulia mlangoni anaweza kudhani kwamba kijana anapumzika tu. Utafiti uliofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia siku baada ya siku wagonjwa 21 waliolazwa baada ya kuacha methamfetamini, ukaonyesha kwamba huzuni na hamu ya dawa huwa kali zaidi katika saa 24 za mwanzo, kisha hushuka hadi kukaribia hali ya kawaida kufikia mwisho wa wiki ya kwanza. Dalili nyepesi huendelea kwa wiki nyingine mbili hivi, lakini sehemu kali hupita yenyewe, bila dawa.

Hapo ndipo ulipo mtego wa kwanza. Ikiwa mgonjwa atapata nafuu kubwa ndani ya siku saba hata asipopewa chochote, basi kidonge chochote atakachopewa siku ya kwanza kitavuna sifa siku ya saba, kama mafua yanavyompa sifa kila mwenye dawa ya mafua. Njia pekee ya kuukwepa mtego huo ni kuwagawa washiriki kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu wapewe kidonge kitupu kinachofanana nayo kwa rangi na umbo, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata nini. Majaribio ya namna hiyo kwa ajili ya arosto ya amfetamini yapo, lakini ni machache na madogo mno. Mirtazapini, ambayo ni dawa ya sonona yenye tabia ya kuleta usingizi, ilijaribiwa Thailand kwa watu 20 ikaonekana kusaidia. Ilipojaribiwa Perth, Australia, kwa watu 31, haikuonekana kuwa na tofauti na kidonge kitupu. Watu 20 upande huu na 31 upande ule hawawezi kuamua jambo lolote. Amineptini, dawa nyingine ya sonona iliyojaribiwa Thailand katika miaka ya 1990, ilionyesha dalili za kufaa, kisha ikaondolewa sokoni kwa sababu watu walianza kuitumia kama dawa ya kulevya, jambo linalopaswa kumfikirisha yeyote anayedhani kwamba kinachotuliza arosto hakiwezi kuzaa arosto yake.

Kuna hoja ya haki ya upande unaotetea dawa za arosto, nayo haihusu takwimu. Wiki ya kwanza ndiyo wiki ambayo watu wengi huondoka. Aliyelazwa anaamka siku ya tatu akiwa hana nguvu, hana furaha, anawaka kwa hasira, anachukua mfuko wake na kutoka mlangoni, na huko nje anajua kabisa ni nani atakayemwondolea hali hiyo kwa dakika tano. Kumpunguzia mateso katika siku hizo ni tendo la utu hata kama halibadilishi chochote baada ya miezi mitatu, kwani hatumnyimi mwanamke anayejifungua dawa ya maumivu kwa hoja kwamba uchungu utakwisha wenyewe. Ninakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale nafuu ya wiki moja inapotangazwa kwa familia kuwa ni tiba.

Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 linaonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko maelezo yoyote. Watu 60 wenye uraibu wa methamfetamini waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa deksamfetamini ya kutoka polepole, miligramu 60 kwa siku, kwa wiki 8. Waliopata dawa walikuwa na arosto ndogo na hamu ndogo kuliko wenzao waliopata kidonge kitupu. Mkojo wao, hata hivyo, haukuwa safi zaidi, yaani bado ulikutwa na dawa ya kulevya kama wa wenzao. Walijisikia vizuri, walitamani kidogo, na bado walivuta kama wengine. Anayeamini kwamba mtu hurudia kwa sababu tu ya maumivu ya kuacha anapaswa kulitafakari jaribio hili. Mtu huvuta pia kwa sababu ya rafiki aliyepiga simu, mshahara ulioingia, kona ya mtaa aliyoipita, zamu ya usiku inayomtaka akeshe, au upweke wa Jumapili jioni. Ukiitoa arosto, sababu hizo zote zinabaki mahali pake.

Upande wa kuzuia kurudia, historia imejaa furaha za mapema. Mwaka 1989 kulichapishwa jaribio la desipramini, dawa ya zamani ya sonona, kwa watu 72 waliotumia kokeini. Asilimia 59 ya waliopewa dawa hiyo waliweza kukaa wiki tatu hadi nne mfululizo bila kokeini, dhidi ya asilimia 17 ya waliopata kidonge kitupu. Kwa nambari kama hizo mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Majaribio yaliyofuata hayakuweza kurudia matokeo hayo. Sertralini, dawa ya sonona inayotumika duniani kote, ilijaribiwa kwa watu 229 waliotumia methamfetamini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba waliopewa dawa walifanya vibaya kuliko wasiopewa. Aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili, ilipojaribiwa Finland kwa watu waliojidunga amfetamini, nayo iliwaacha na mkojo mchafu zaidi kuliko kidonge kitupu. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu kuna desturi, huku kwetu na kwingineko, ya kumwandikia mraibu dawa ya sonona kwa hoja kwamba isipomsaidia haitamdhuru. Inaweza kumdhuru.

Asetilisisteini nayo iliwahi kutiliwa matumaini makubwa: ni ya bei nafuu, haina hatari nyingi, na ilionekana kutuliza hamu katika wanyama. Jaribio la Australia la watu 153, lililochapishwa mwaka 2021, halikupata faida yoyote kwa watumiaji wa methamfetamini.

Sasa tuje kwenye yale yaliyopata kitu. La kwanza ni jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa Januari 2021, ambamo watu 403 walipewa ama sindano ya naltreksoni, dawa inayozuia athari za heroini na jamii yake, kila baada ya wiki tatu pamoja na vidonge vya bupropioni, dawa ya sonona, kila siku, ama sindano na vidonge vitupu. Kipimo cha kufaulu kilikuwa mkojo usio na methamfetamini angalau mara tatu kati ya vipimo vinne vya mwisho wa kipindi. Waliofaulu kwa dawa walikuwa asilimia 13.6, na waliofaulu bila dawa asilimia 2.5. Mtetezi wa dawa atakwambia kwamba uwezekano umeongezeka zaidi ya mara tano. Mpinzani atakwambia kwamba kati ya watu 100 waliochomwa sindano na kumeza vidonge, zaidi ya 86 hawakufaulu. Wote wawili wanasoma mstari uleule, na hakuna anayedanganya. Kwa hesabu za tiba, maana yake ni kwamba watu tisa hivi wanapaswa kutibiwa ili apatikane mmoja zaidi ya wale ambao wangefaulu hata bila dawa. Ziko dawa nyingi za kawaida zinazoandikwa kila siku kwa faida isiyozidi hiyo, na hatuziiti kushindwa. Tatizo ni gharama na masharti: sindano hiyo ni ghali, na mtu anayetumia heroini au methadoni hawezi kudungwa naltreksoni, kwa kuwa itamtupa katika arosto kali papo hapo. Kwa miji yetu, ambako aliyeanza na unga anaweza kuongeza methamfetamini juu yake, sharti hilo peke yake linawaondoa watu wengi.

La pili ni mirtazapini tena, safari hii si kwa arosto bali kwa kupunguza matumizi. Katika jaribio la San Francisco lililochapishwa mwaka 2011, lenye washiriki 60, asilimia ya waliokutwa na methamfetamini kwenye mkojo ilishuka kutoka 73 hadi 44 kwa waliopewa dawa kwa wiki 12, na kutoka 67 hadi 63 tu kwa waliopewa kidonge kitupu. Wote walipata ushauri nasaha. Jaribio la pili la mji huohuo, lenye washiriki 120 na muda wa wiki 24, lilichapishwa mwaka 2020 na kuelekea njia hiyohiyo. Dawa ni ya zamani, haina haki miliki, bei yake ni ndogo, na daktari wa kawaida anaijua. Ukisoma hadi hapo unaweza kushawishika kuianza kesho.

Lakini tazama kifuniko cha chupa. Katika jaribio la kwanza, vidonge viliwekwa ndani ya chupa ambayo kifuniko chake kina kifaa kidogo kinachoandika tarehe na saa kila kinapofunguliwa. Washiriki walipoulizwa, majibu yao yalionyesha kwamba wamemeza karibu asilimia 75 ya dozi. Kifuniko kilipoulizwa, kilijibu asilimia 48.5. Katika jaribio la pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Pengo hilo linaweza kusomwa kwa namna mbili, na ninaona kwamba zote mbili zina uzito. Anayeitetea dawa atasema: ikiwa imesaidia hali imemezwa nusu tu, ingemezwa yote ingefanya makubwa. Anayeitilia shaka atasema: dawa ambayo wagonjwa wenyewe hawaimezi, hata wakiwa ndani ya utafiti wenye wauguzi, simu za kukumbushwa na malipo ya nauli, itamezwa vipi na kijana wa mtaani ambaye hana pa kuiweka chupa yenyewe? Methadoni inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa sababu arosto yenyewe ndiyo inayomleta mteja dirishani kila asubuhi. Mirtazapini haina kamba ya kumvuta. Tena washiriki wa majaribio hayo mawili walikuwa kundi mahususi, yaani wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na katika jaribio la pili pia watu waliobadili jinsia, wote wa jiji moja la California. Mtu makini hatayahamisha matokeo yao moja kwa moja hadi kwa dereva wa lori wa Tunduma, sembuse kwa mtafuna mirungi wa Garissa, ingawa katinoni iliyomo kwenye mirungi ni ndugu wa amfetamini.

Njia ya tatu ndiyo yenye ubishi mkali kuliko zote, kwa kuwa inataka kufanya kwa vichangamshi kilekile methadoni inachofanya kwa heroini: kumpa mraibu kichangamshi cha hospitali badala ya cha mtaani. Kikemia kazi hii si nyepesi. Heroini hufunga kwenye kipokezi kinachojulikana, na methadoni hukaa kwenye kipokezi hichohicho kwa muda mrefu bila kumpandisha mtu juu. Methamfetamini haifanyi kazi kwa kufungua kufuli moja. Huingia ndani ya ncha za neva na kuisukuma nje dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, kwa wingi, kwa hiyo mbadala wake lazima uwe kitu cha jamii yake, chenye mwendo wa polepole. Lisdeksamfetamini inakaribia sifa hiyo. Inapomezwa haina nguvu mpaka chembe nyekundu za damu ziikate vipande viwili na kuiachia deksamfetamini kidogo kidogo, na kwa kuwa ukataji huo una kasi yake, anayeisaga na kuivuta puani au kujidunga hapati ule mpando wa ghafla anaoutafuta. Dawa hii tayari inatumika kwa watoto na watu wazima wasioweza kutulia na kuzingatia, kwa dozi isiyozidi miligramu 70 kwa siku.

Watafiti wa Australia walipanda hadi miligramu 250. Walifanya jaribio dogo la arosto huko Sydney, watu 10 waliolazwa, wakipewa dozi hiyo siku ya kwanza na kupunguziwa miligramu 50 kila siku hadi siku ya tano. Lengo lilikuwa kuona kama inawezekana na kama ni salama, na kwa idadi hiyo lisingeweza kuwa jingine. Lipo pia jaribio kubwa katika miji ya Adelaide, Melbourne, Newcastle na Sydney, lenye washiriki 164 waliokuwa wakitumia methamfetamini angalau siku 14 kati ya 28 na waliowahi kujaribu tiba nyingine bila mafanikio. Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya siku za matumizi katika siku 28 za mwisho za tiba. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa siku 2.2, na kitakwimu haikutosha kutangazwa kuwa ya kweli. Ilipohesabiwa kwa wiki zote 12, waliopata dawa walikuwa na siku pungufu 8.8 za matumizi, na safari hii tofauti ilisimama. Waliopata dawa pia waliridhika zaidi na tiba yao.

Kanuni ya utafiti inasema kwamba kipimo kikuu ndicho mwamuzi, na kanuni hiyo ipo kwa sababu nzuri: ukiruhusu kila mtu achague kipimo baada ya kuona matokeo, hakuna dawa itakayowahi kushindwa. Wapinzani wana haki ya kuishikilia. Wanaongeza hoja za mwili: methamfetamini huharibu moyo, na hapa tunaongeza kichangamshi juu ya moyo uliokwisha kuchoka, mtu aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo anaweza kuzisikia tena, na vidonge vinavyobebwa nyumbani vitauzwa. Hoja ya mwisho haihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wanaojua kwa nini mteja wa methadoni hutakiwa kufumbua kinywa.

Upande wa pili una utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia kumbukumbu za watu karibu 14,000 wenye uraibu wa amfetamini au methamfetamini. Katika vipindi walivyokuwa wakitumia lisdeksamfetamini walilazwa mara chache na walikufa mara chache kuliko katika vipindi ambavyo hawakuwa na dawa yoyote. Huo haukuwa mgao wa kura, na inawezekana kwamba daktari alimwandikia dawa yule aliyekwisha kuonyesha dalili za kutulia. Hata hivyo kulazwa na kufa ni vipimo ambavyo mkojo hauwezi kuvisema, na ndivyo familia inavyovijali kwanza. Jaribio la Adelaide la mwaka 2010, lililotumia deksamfetamini kwa watu 49, linaelekea hukohuko: matumizi hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, lakini waliopata dawa walibaki kwenye tiba kwa wastani wa siku 86.3, na wengine siku 48.6. Mtu aliyebaki kwenye tiba anaonwa na muuguzi, anapimwa shinikizo la damu, anapimwa virusi vya UKIMWI, anazungumza na mtu. Kusema kwamba jaribio hilo lilishindwa ni kusema ukweli kuhusu mkojo na kunyamaza kuhusu mengine.

Nisingependa msomaji adhani kwamba wakati wa kusubiri kidonge hakuna cha kufanya. Njia yenye ushahidi mzito kuliko dawa zote nilizozitaja si dawa. Mteja huleta mkojo mara mbili au tatu kwa wiki, na ukiwa safi anaingiza mkono katika bakuli la karatasi 500 zilizokunjwa. Nusu yake zimeandikwa hongera tu, 209 zina zawadi ya dola moja, 40 zina zawadi ya dola 20, na moja tu ina zawadi ya dola 100. Kila anapoendelea kuwa safi anaongezewa idadi ya karatasi za kuchomoa. Akichafua, anarudi kwenye moja. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2005 lenye watu 415, asilimia 49 ya waliochomoa karatasi walikaa kwenye tiba wiki zote 12, dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Hospitali za wanajeshi wastaafu za Marekani zinautumia mpango huu tangu 2011. Wanaoupinga husema kwamba ni kumlipa mtu afanye anachopaswa kufanya bure, na kwa nchi ambako mgonjwa wa kisukari hununua dawa zake mwenyewe, kinyongo hicho kinaeleweka. Wanasema pia, kwa haki zaidi, kwamba zawadi zikikoma faida huanza kufifia. Nashangaa tu kwamba hoja ya pili hutolewa na watu walewale ambao hawaioni kuwa kasoro kwa methadoni, ambayo nayo ikikoma faida hufifia.

Kutokana na hayo, naona kwamba jaribio lolote lijalo, hasa kama litaletwa kwetu, lingepaswa kutamka tangu mwanzo linatafuta nini. Likitafuta nafuu ya arosto, lipime usingizi, huzuni na idadi ya waliobaki wodini hadi siku ya saba, na lisiahidi zaidi ya hapo. Likitafuta kuzuia kurudia, lianze baada ya wiki hiyo kupita, lihesabu siku za matumizi badala ya kuugawa ulimwengu kati ya safi na mchafu, na dozi itolewe dirishani badala ya kuachiwa kifuniko cha chupa. Vituo vyetu vya methadoni tayari vina dirisha, foleni, wahudumu wanaowajua wateja kwa majina, na mazoea ya miaka mingi ya kumwona mtu yuleyule kila asubuhi. San Francisco, pamoja na maabara zake zote, ilikikosa hasa kitu hicho.

Jambo linalobaki ni muda. Majaribio mengi ya vichangamshi huchukua wiki 12; katika lile kubwa la lisdeksamfetamini la Australia, dozi ilipunguzwa na kukatwa katika wiki mbili zilizofuata. Hakuna anayeipima methadoni hivyo. Katika foleni niliyoianza nayo wamo watu wanaofika dirishani mwaka wa tano, wengine wa kumi, na mhudumu hamwambii yeyote kati yao kwamba wiki yake ya 12 imetimia, arudishe kikombe, tuone kama atarudi maskani.